Beatrix Potter: Alikataliwa na wachapishaji sita, sungura wake akamnunulia shamba

Unamkumbuka Peter Rabbit? Yule sungura mdogo wa koti la samawati aliyekatazwa na mama yake asikanyage shamba la Mzee McGregor, naye akaingia tu. Alikula mboga mpaka tumbo likamsumbua, akafukuzwa huku na kule, akaacha koti na viatu shambani. Jioni alilazwa mapema na kunyweshwa chai ya maua ya dawa. Dada zake watatu walikuwa wametii na kwenda zao kuchuma beri nyeusi, kwa hivyo wao walikula beri hizo na mkate na maziwa.

Mlo huo wa dada watatu umewapa wapenda kuoka kazi tamu. Kuna wanaochukua matunda madogo kama hayo na kuyageuza krambo, yaani matunda yaliyookwa chini ya tabaka la unga, sukari na siagi. Kama unaishi Makongeni na huna ovini, usijali. Hapo chini utapata namna ya kuioka kwa jiko la makaa na sufuria mbili.

Lakini usiruke haraka hadi kwenye unga. Mjue kwanza mwanamke aliyeiandika hadithi hiyo. Maisha yake yanakuhusu wewe unayechora, unayeandika, unayeuza vitu vyako mtandaoni, na zaidi wewe unayelala katika nyumba ambayo hati yake ina jina la mtu mwingine.

Binti wa wadosi asiye na uhuru

Helen Beatrix Potter alizaliwa London mnamo Julai 28, 1866. Tuseme ukweli, hakuzaliwa kwa shida. Familia yake ilikuwa na pesa za viwanda vya pamba kutoka kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Rupert, alisomea uwakili lakini hakuhitaji kuhangaika kortini ili watoto wale. Nyumbani kulikuwa na wafanyakazi wa kila aina.

Kilichokosekana ni uhuru. Kaka yake mdogo, Bertram, alipelekwa shule ya bweni. Beatrix alibaki nyumbani na walimu waliokuja kumfundisha huko huko. Marafiki wa rika lake walikuwa wachache mno. Badala yake yeye na Bertram walifuga wanyama chumbani mwao: sungura, panya, kalunguyeye, vyura, mijusi, hata popo. Alikaa nao na kuwachora kutwa nzima. Mnyama akifa, wakati mwingine walihifadhi mifupa yake ili waendelee kujifunza jinsi mwili ulivyoundwa.

Kuanzia akiwa na miaka kama 15 hadi karibu 30, aliandika shajara kwa herufi za siri alizozibuni mwenyewe, ndogo mno na zisizosomeka na mtu mwingine. Alikuwa ameshakufa miaka mingi wakati shabiki wake mmoja, Leslie Linder, alipofaulu kuifumbua siri hiyo mwaka 1958. Hebu fikiria, mtu amejificha kwenye daftari kiasi hicho ndani ya nyumba ya wazazi wake.

Uyoga uliomfungia mlango

Kabla ya sungura, ndoto yake ilikuwa sayansi. Beatrix alipenda uyoga kupita kiasi. Aliuchora kwa rangi za maji, mamia ya picha, kwa usahihi ambao mpaka leo wataalamu hutumia baadhi ya picha hizo kuutambua. Akaanza pia kuuchunguza kwa hadubini, akiotesha spora zake na kuandika alichokiona.

Alipeleka matokeo yake kwenye bustani kuu ya mimea ya Kew, London. Mkurugenzi hakumpa nafasi. Mjomba wake, Henry Roscoe, aliyekuwa mwanakemia mashuhuri, alimsukuma asikate tamaa. Mwaka 1897 utafiti wake ukafikishwa mbele ya Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe. Beatrix mwenyewe hakuwa ukumbini. Wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama wala kuhudhuria mikutano, kwa hivyo mwanamume kutoka Kew, George Massee, ndiye aliyeuwasilisha kwa niaba yake. Utafiti huo haukuchapishwa.

Miaka 100 baadaye, mwaka 1997, chama hicho kilikiri kwamba hakikumtendea haki. Kilikuwa kimechelewa. Mwenyewe alikuwa kaburini zaidi ya nusu karne.

Barua kwa mtoto mgonjwa

Sasa rudi nyuma kidogo, hadi Septemba 4, 1893. Beatrix ana miaka 27 na yuko Scotland na wazazi wake. Aliyekuwa mwalimu wake wa mwisho, Annie Moore, ameolewa na ana watoto. Kifungua mimba, Noel, mwenye miaka mitano, anaumwa. Beatrix anataka kumwandikia barua ya kumtuliza lakini hana habari mpya. Basi anamwandikia hadithi ya sungura wanne, akichora picha pembeni mwa maneno. Mmoja wa hao sungura ni Peter, jina la sungura aliyekuwa akimfuga.

Barua ile haikuandikwa kwa soko, ilikuwa ya mtoto mmoja tu. Noel aliitunza. Miaka saba hivi baadaye, Beatrix alipofikiria kutengeneza kitabu, aliomba aazimwe barua hiyo ili ainakili.

Sungura huyu ana ukoo gani?

Hapa ngoja kidogo, kwa sababu hadithi hii inatugusa. Wewe umekua ukisikia hadithi za Sungura mjanja anayemshinda Simba, anayempiga Fisi chenga, anayeingia shamba la watu na kutoka salama. Watu wa Afrika waliokamatwa na kupelekwa utumwani Marekani walibeba hadithi za aina hiyo vichwani mwao. Huko zikawa hadithi za Brer Rabbit. Mzungu mmoja, Joel Chandler Harris, alizikusanya na kuzichapisha kuanzia mwaka 1880 chini ya jina la Uncle Remus, na zikavuka bahari hadi Uingereza.

Beatrix alizijua vizuri. Katika miaka ya 1890 alichora picha kadhaa za hadithi hizo za Uncle Remus, yaani miaka ile ile aliyomwandikia Noel barua. Mwaka 2023, msomi Emily Zobel Marshall wa Uingereza aliandika kwamba visa vya Peter Rabbit vinadaiwa mengi na hadithi hizo za watumwa, na kwamba deni hilo halijatajwa inavyofaa. Si wote waliokubaliana naye, lakini ukiweka hadithi hizo kando kwa kando, utaona mwenyewe: mnyama mdogo, shamba la mwenye nguvu, ujanja wa kutoroka.

Kwa hivyo usimsome Peter kama mgeni. Huenda ni jamaa wa sungura wa nyanya yako, aliyepitia njia ndefu na chungu hadi akavaa koti la samawati.

Nakala 250 za mfukoni

Mswada ulipokuwa tayari, Beatrix aliupeleka kwa wachapishaji sita. Wote wakasema hapana. Wengine walitaka kitabu kikubwa na cha bei ya juu. Yeye alishikilia kiwe kidogo, kinachotoshea mikono ya mtoto, na cha bei ambayo mtoto angeimudu. Hakukubali kubadili.

Basi alifanya nini? Alitoa akiba yake akachapisha mwenyewe. Mnamo Desemba 1901 zilitoka nakala 250. Alizigawa na kuziuza kwa jamaa na marafiki, zikaisha haraka, ikabidi aongeze nyingine 200 mwanzoni mwa 1902. Kampuni ya Frederick Warne, mojawapo ya zile sita zilizomkataa, ikaona kwamba kumbe kuna biashara hapo. Ilikubali kukichapisha kwa sharti kwamba achore picha upya kwa rangi. Kitabu kilitoka Oktoba 1902. Nakala 8,000 za kwanza zilikuwa zimeshanunuliwa kabla hazijafika dukani, na mwaka ulipokwisha zilikuwa zimechapishwa 28,000.

Wewe unayesubiri mtu fulani akupigie simu ndio uanze, chukua hiyo hesabu: 250 kwanza.

Hakulala hapo. Mwaka 1903 alimshona Peter kuwa mwanasesere na kumsajilia hataza kabla wengine hawajamwiga. Baadaye akabuni mchezo wa ubaoni. Siku hizi kila katuni ina fulana, begi na kikombe chake. Beatrix alifanya hivyo zaidi ya miaka 120 iliyopita, na Peter anahesabiwa kati ya wahusika wa kwanza kabisa wa vitabu kuuzwa kwa njia hiyo.

Lakini kuna mahali waliteleza. Kampuni ya Warne haikusajili hakimiliki ya Peter Marekani. Watu wa huko wakachapisha kitabu hicho watakavyo bila kumlipa hata senti. Kama unarekodi muziki au unachora katuni Jogoo Road, jiulize leo kama kazi yako ina jina lako kwenye karatasi. Hapa Kenya ofisi ya kuanzia ni KECOBO, bodi ya hakimiliki.

Duka lililouawa na mkopo

Kwa jumla aliandika vitabu vidogo 23 vya aina hiyo. Kama una duka mtaani, au mama yako ana kibanda, tafuta kile cha mwaka 1909 kiitwacho Ginger and Pickles. Paka na mbwa wanaendesha duka kijijini. Kila mteja anakopeshwa bila kikomo. Watu wanamiminika, mauzo yanaonekana makubwa, lakini kwenye droo hakuna shilingi. Wenye duka wanaishia kula bidhaa zao wenyewe, na pesa ya leseni ya mbwa inakosekana. Mwishowe wanafunga, na duka la pili lililobaki linapandisha bei. Hicho ni kitabu cha watoto, lakini mwenye duka yeyote wa Makongeni aliye na daftari la madeni atakielewa kuliko profesa.

Mapenzi, msiba na shamba

Aliyeshughulikia vitabu vyake kule Warne alikuwa Norman, ndugu mdogo katika familia yenye kampuni. Waliandikiana barua karibu kila siku kuhusu picha na maneno, na polepole mapenzi yakaingia. Mnamo Julai 1905 Norman aliomba kumwoa. Wazazi wa Beatrix walipinga. Sababu? Norman alikuwa mfanyabiashara, mtu wa kazi, si wa hadhi yao. Cha kushangaza ni kwamba utajiri wao wenyewe ulitoka kwenye biashara ya pamba.

Beatrix, wakati huo akikaribia miaka 39, alikubali pete hata hivyo. Mwezi mmoja baadaye, Agosti 25, Norman akafariki kwa saratani ya damu. Alikuwa na miaka 37.

Mwaka huo huo, kwa pesa za vitabu na urithi kidogo kutoka kwa shangazi, Beatrix alinunua shamba la Hill Top katika kijiji cha Near Sawrey. Kijiji hicho kiko Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini mwa Uingereza. Wazazi walitaka aendelee kuishi nao London, naye alienda shambani kila alipopata upenyo. Huko ndiko vitabu vyake vingi bora vilikozaliwa.

Mwaka 1909 aliongeza shamba jingine jirani. Wakili aliyemsaidia kununua ardhi aliitwa William Heelis. Wazazi wakanung'unika tena, kwamba ni wakili wa kijijini tu. Safari hii hawakumzuia. Walifunga ndoa Oktoba 1913, yeye akiwa na miaka 47.

Pesa za hadithi zikawa ardhi

Baada ya ndoa alianza kuandika kidogo na kulima sana. Wanakijiji walimjua kama Bi Heelis, mwanamke wa sketi nzito na viatu vya mbao anayepambana na matope. Alifuga kondoo wa Herdwick, aina ya kienyeji inayostahimili baridi ya milimani, wakati wafugaji wengi walikuwa wakiitupa. Kondoo wake walishinda tuzo kwenye maonyesho, na mwaka 1943 chama cha wafugaji wa Herdwick kilimteua kuwa rais wake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa mwanamke. Alikufa kabla ya kushika wadhifa.

Kila aliposikia kwamba shamba linataka kuuzwa na kukatwakatwa vipande vya kujengwa nyumba za watalii, alijaribu kulinunua. Mwaka 1923 alichukua Troutbeck Park, shamba kubwa la kondoo. Mwaka 1930 alinunua ardhi ya Monk Coniston, kisha akaliuzia shirika la uhifadhi la National Trust nusu yake kwa bei ile ile aliyonunulia.

Alifariki Desemba 22, 1943, vita vikiendelea. Wosia wake uliliachia shirika hilo zaidi ya ekari 4,000, mashamba, nyumba na mifugo, kwa masharti kwamba wafugaji waendelee kulisha kondoo pale. Eneo lile leo halijawa msitu wa mahoteli, na sehemu ya sababu ni barua ya mtoto mgonjwa.

Makongeni inaelewa uzito wa hilo. Mtaa wenu ulijengwa kuwahifadhi wafanyakazi wa reli. Vizazi vimezaliwa hapo, vimecheza hapo, vimezika wazee wao wakitokea hapo, lakini ufunguo wa nyumba haujawahi kuwa hati ya kumiliki. Mwenye ardhi akiamua, mpangaji hufungasha. Sikuambii kwamba kitabu kimoja kitakununulia ekari. Beatrix alianza na wazazi matajiri, na wewe pengine unaanza na deni la Fuliza. Ila angalia alichofanya na pesa ya kwanza iliyokuwa yake kweli. Hakununua gauni. Alinunua mahali ambapo hakuna mtu angemwambia aondoke.

Sasa washa jiko

Krambo ilienea katika nyumba za Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mgao wa siagi na sukari ulipoanza mwaka 1940. Pai inataka mafuta mengi. Krambo huridhika na kidogo. Ni chakula cha watu waliobanwa, ndiyo maana inafaa mwisho wa mwezi.

Matunda: beri nyeusi za Peter ni adimu na ghali. Tumia forosadi, yale matunda madogo meusi yanayopaka vidole na sare za shule rangi. Ukikosa, ulizia stroberi zilizoiva sana Marikiti, mara nyingi hushushwa bei. Zambarau pia zinafaa, ila toa mbegu kwanza. Unahitaji vikombe vitatu.

Vitu vingine: unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, majarini vijiko sita vya mezani, sukari nusu kikombe pamoja na vijiko viwili vya kando, chumvi kidogo, na ndimu nusu. Ukiwa na njugu karanga, ponda konzi moja.

Osha matunda, yachuje maji. Yachanganye na vile vijiko viwili vya sukari, maji ya ndimu, na kijiko kimoja cha unga ili juisi ishikane. Yatandaze kwenye sufuria ndogo au bati la keki ulilopaka majarini.

Weka unga uliobaki, sukari na chumvi kwenye bakuli. Ongeza majarini ikiwa ngumu, si iliyoyeyuka. Sugua kwa ncha za vidole mpaka ufanane na chembe za mkate. Usikande kama chapati, ukikanda umeharibu. Tia njugu, kisha mwaga juu ya matunda bila kushindilia.

Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza chumvi ya mawe au mchanga safi mkavu chini, uweke kwenye jiko la makaa, ufunike na kuiacha ipate moto dakika kumi. Ingiza ile ndogo ndani, funika, halafu panga makaa yaliyowaka juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana unachotaka kukausha ni unga wa juu. Chungulia baada ya dakika 30. Ikiwa imegeuka rangi ya kahawia na juisi ya zambarau inachemka pembeni, imeiva. La sivyo, ongeza dakika kumi.

Tahadhari moja, na hii si ya mzaha: jiko likae nje. Usilifungie ndani ya chumba. Gesi ya makaa haina harufu na huua watu usingizini.

Iache ipoe kidogo, kwa sababu juisi yake huchoma ulimi kuliko chai. Pakua na maziwa baridi juu, kama wale dada watatu. Inatosha watu sita, kwa hivyo ita watoto wa ploti. Kama hawamjui Peter, maktaba ya Kaloleni iko jirani, na kusoma vitabu hapo ni rahisi kuliko kununua.

Kisha, sahani zikiwa bado mikononi, wasimulie sungura wako, yule anayeishi Makongeni, anayeruka ukuta wa reli na kuvuka Jogoo Road saa ya msongamano. Mtoto mmoja akiomba urudie, chukua kalamu uiandike usiku huo huo, kabla hujaisahau.